Nguruwe Waliolala Siku ya Salongo

Mimi ni mwoga, na siku hizi sioni haya kusema. Miaka ile ya Zaire, tukikaa mtaa wa Ruashi, nilikuwa na nguruwe jike mmoja aliyekuwa amezaa watoto tisa wiki mbili nyuma. Nilimfuga uani, ndani ya banda la mabati. Wanawake waliochoma nyama sokoni walikuwa wamebaki na mimi tu, maana wafugaji wa upande wa mto walikuwa wamefungiwa mabanda yao. Wale tisa wangekufa, soko lisingekuwa na nyama na nyumba yangu isingekuwa na kitu.

Agizo lilitoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa wetu: maji machafu ya nguruwe yasiingie tena mtoni. Sikulipinga moyoni. Mto ulinuka, na mtaro wa banda langu ulishuka huko huko. Lakini mtaani tulisikia jambo moja tu, kwamba watu wa usafi wanabomoa mabanda na kupakia nguruwe kwenye lori. Tangu siku hiyo, kila lori lilipopita nilikimbilia uani kulichungulia banda langu.

Ijumaa tuliambiwa kesho mkaguzi atakuja kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Jirani yangu alikuwa akipika lutuku, pombe kali ya mahindi. Akaniletea ndoo ya machicha yake.

"Ubapatie kidogo tu, mama," akaniambia. "Batalala, hakuna mwenye atabasikia. Lakini usibapatie mingi!"

Asubuhi nikammwagia yule jike ndoo nzima. Ndiyo, nzima. Nilijiambia kwamba akilala sana ndiyo salama zaidi. Alikula kwa pupa huku watoto wakimng'ang'ania matiti, kisha akaanza kuyumba. Nikafunga mlango, nikatundika magunia juu yake, nikabeba jembe langu kama raia mwema.

Mkaguzi alitukuta tukizibua mtaro. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye daftari, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. Hilo lilinitisha zaidi.

"Bacitoyens, loi ya komini haikatale ngulube," akasema, akituita raia kama ilivyokuwa desturi ya Zaire. "Inakatala maji yao kwingia mu muto. Mwenye iko na ngulube aseme leo, nimwandike. Tutamupatia miezi tatu na fasi ya banda kule ku mashamba. Mwenye atajificha, huyo njo tutabomoa banda yake."

Mimi nilikuwa nimekodolea macho jembe langu, nikiwaza kwamba ni mtego, kwamba lori liko nyuma ya kona. Jirani akanisukuma kwa kiwiko. Hata leo sijui nilipata wapi ujasiri.

"Miye niko naye," nikasema. "Mama moja na batoto tisa."

"Muzuri, mama. Twende tubaone."

Nilitangulia. Njiani aliniuliza mtaro wangu unaelekea wapi, nikamjibu ukweli. Nilianza hata kupumua. Nikaondoa magunia, nikafungua mlango.

Jike alikuwa amelala ubavu, anakoroma. Nilimwita, nikampiga makofi mgongoni, hakusikia. Chini ya tumbo lake ulichomoza mguu mmoja mdogo. Mkaguzi akaweka daftari chini na kunisaidia kumsukuma. Ilitupasa kusukuma mara tatu. Watoto walikuwa wamekufa kwa kubanwa pale walipokuwa wakinyonya, wote tisa, na mmoja bado alikuwa na joto. Nililia kwa sauti, na mama yao hakuamka.

Mkaguzi alifuta mikono yake kwa gunia, akaokota daftari. Hakunigombeza. Akaniuliza kwa upole aandike nguruwe wangapi.

Nikamwambia aandike mama peke yake.