Baridi Ndani ya Pikapu

Juzi, pale Nkende, nilimwona fundi akipima gesi ya kiyoyozi, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni Morotonga. Baba, dereva wa serikali, alinikalisha ndani ya pikapu kuukuu ya kazini, yenye mlango mmoja tu unaofunguka, ili atafute ubovu wa kiyoyozi cha gari hilo.

“Usishushe kioo, mwanangu. Ukisikia baridi, piga honi.”

Ilitoka hewa ya moto yenye harufu ya mpira ulioungua. Nilidhani baridi bado iko njiani, nikaisubiri. Jasho likaniingia machoni. Nilipojaribu kushusha kioo, mpini wa kukizungushia uling'oka. Mlango ule mmoja nao uligoma kufunguka. Nililia, lakini injini ilinguruma na Baba alikuwa ameinama kwenye boneti. Nikapiga honi.

“Imekuja?” aliuliza kwa furaha.

Aliponiona, alivuta mlango, ukagoma, akavunja kioo kwa spana, akanivuta nje, akanikumbatia huku akitetemeka. Kwa miaka mingi niliamini alitetemeka kwa kukasirikia kile kioo cha serikali.