Mwaka Walipomwachia Baba Nafasi

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye tamasha la jazz la jiji letu. Ndiyo, jiji. Eldoret imepandishwa cheo, rafiki yangu, ingawa matope ya mtaa wetu wa Langas bado hayajapata habari. Kijana mwenye maikrofoni, suti imembana hadi vifungo vinalia, akatuomba tusimame dakika moja kuwakumbuka wanamuziki waliotangulia. Tukasimama. Dakika yenyewe hata haikuisha, akaikatiza na kuita bendi. Vijana wakapiga, kila chombo mahali pake, na wanapiga vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Watu wakashangilia. Mimi nikabaki na hasira nisiyojua pa kuiweka. Dakika moja, kwa watu wote wale! Wakati wetu mtu mmoja alipewa tamasha zima. Ngoja nikueleze, maana waliobaki wa kukueleza si wengi.

Tulipokuwa wadogo, bendi yoyote yenye gitaa na amplifaya iliitwa jazz, na hakuna aliyeuliza maana yake. Kila mwaka, siku iliyofuata Krismasi, bendi yetu na za vijiji vya jirani, Ziwa, Soy na Kesses, zilikusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, nyuma tu ya nyumba zetu za mabati. Bendi ya Ziwa ilikuwa ya wakulima. Walifika juu ya trela ya trekta, ngoma zimefungwa katikati ya mikebe ya maziwa. Soy ilikuwa na mwimbaji mnene aliyeuza viazi sokoni, na aliimba kama alivyouza, kwa kukugombeza mpaka ukubali. Kesses ilikuwa bendi ya watu wa chuo, waliovaa tai na kusoma noti kwenye karatasi. Sisi watoto tuliwacheka, tukiamini wanasoma kwa sababu wamesahau nyimbo. Yetu ilikuwa ya majirani na wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mwalimu wangu wa darasa la nne aliimba, jirani yetu wa ukuta mmoja alipiga gitaa la solo, na baba yangu alishika besi.

Wiki ya Krismasi nyumba yetu ilinuka makaa ya pasi na vitunguu. Kazi yangu ilikuwa kupuliza pasi ipate moto kabla Mama hajalinyoosha shati jeupe la Baba, na ole wangu cheche ikiruka. Mama alisukuma chapati huku kiuno kikimtikisika bila yeye kujua, kwa sababu upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akifanya mazoezi. Baba alifanya yake bila amplifaya, akiihifadhi betri kwa siku yenyewe, na zile nyuzi nene ziligugumia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Siku moja nilimwuliza kwa nini asipige gitaa la kusikika. Akacheka. "Hii huisikii," akasema, "lakini ikitoka utajua."

Mwaka mmoja mpiga ngoma wa Ziwa aliangukiwa na trekta shambani wakati wa kuvuna ngano. Tulidhani bendi yake haitakuja. Ilikuja. Wakapanga ngoma zake jukwaani, wakaweka na kiti chake, kisha wakapiga nyimbo zote bila mtu kuzigusa. Mwanzoni watu walicheka, wakidhani ni mzaha. Halafu wakaanza kusikia kila mahali alipokuwa akigonga, pamebaki wazi, na wanaume wakavua kofia, mmoja baada ya mwingine. Mjane wake alicheza peke yake mbele ya jukwaa, na alicheza vizuri. Tangu hapo ikawa sheria kwa bendi zote: tamasha la kwanza baada ya mwanamuziki kufa, sehemu yake haipigwi. Tuliita kumwachia nafasi. Mwaka unaofuata mwingine anashika chombo na maisha yanaendelea, kwa maana mtu haachiwi nafasi mara mbili.

Ilikuwa desturi nzuri, kwa watu wanaokufa mmoja mmoja.

Halafu ukaja ugonjwa. Siku hizi nautaja, Ukimwi, na hakuna anayegeuka kunitazama. Wakati ule ulikuwa kifua, au malaria iliyokataa dawa, au jicho baya la mtu wa kiwandani. Nyanya yangu alisema ngoma ikivuma sana hupasuka, akaacha kuja uwanjani. Mwimbaji wa Soy akaondoka. Wawili wa Kesses wakafuatana. Jirani yetu alikauka pale pale nyuma ya ukuta, mazoezi yakazidi kuwa mafupi na kikohozi kirefu, na Desemba hiyo solo ikaachiwa nafasi. Mwaka uliofuata hakupatikana mtu wa kuirudisha. Ikafika mahali bendi zina matundu mengi kuliko muziki. Tulisimama juani tukisikiliza gitaa la ridhimu likijizungusha lenyewe, na bado tulikwenda kila mwaka, kwa sababu kukaa nyumbani kungekuwa ni kusema kitu ambacho hakuna aliyetaka kukisema.

Kisha Baba akaanza kukonda. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya kwa msumari, halafu lingine. Mama akaacha kucheza anaposukuma chapati. Mimi niliogopa jambo moja tu, kwamba hatapiga Desemba. Katika akili yangu ya kitoto, aliyepiga alikuwa hai, asiyepiga alikuwa amekufa, na kundi la tatu halikuwepo.

Nadhani naye aliona hivyo hivyo. Alifanya mazoezi kitandani, akipumzika kila baada ya mapigo machache, jasho likimtiririka na baridi ya asubuhi ya Eldoret unaijua. Siku ya tamasha nilimfunga vifungo vya shati. Akainuka, akafika mlangoni na besi yake, miguu ikakataa. Mama akamrudisha kitandani, akatuma ujumbe kwa Mwalimu kwamba mgonjwa hawezi.

Alasiri vipaza sauti vikaanza. Uwanja ulikuwa karibu, kila kitu kiliingia kwa dirisha: vumbi, harufu ya mahindi ya kuchoma, watoto wenzangu wakipiga kelele. Bendi yetu ilipoanza, wimbo ulikuwa mwepesi mno, kama nyumba iliyong'olewa kwenye msingi. Besi haikuwepo. Baada ya ubeti wa kwanza kelele za watu zikakatika, uwanja mzima ukanyamaza kwa namna ambayo sote tuliijua. Mwanamke mmoja akapiga nduru.

Nilimtazama Baba. Macho yake yalikuwa juu kwenye mabati.

"Wananiachia nafasi," akasema.

Kisha akaniambia nifunge dirisha. Nikalifunga, na tukaendelea kusikia.

Kesho yake wakaja watu wa matanga. Wamama wa kanisa walikuwa mbele wakiimba, wengine nyuma na sukari na unga. Wakamkuta Baba amekaa mlangoni akiota jua, blanketi mabegani, anakunywa uji. Wimbo ukafia njiani. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Karibuni," akasema. "Maiti ndio huyu. Ngojeni kwanza amalize uji."

Kuna waliocheka na kulia kwa pamoja. Mmoja alianza kugeuka na unga wake, Mama akamwambia auache.

Mwalimu alikuja nyuma ya wote. Alisimama kando akizungusha kofia mkononi, mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa.

"Ndugu yangu, hatukuwa na mtu wa kushika besi," akasema. "Nilitaka kutangaza ati wewe ni mgonjwa tu. Lakini niliona watu wameshavua kofia. Nikashindwa."

Baba aliweka kikombe chini. "Si mngepatia hata mtoto aharibu," akasema. "Mtu akiharibu, watu wanajua mwenyewe yuko."

Mwalimu alivaa kofia yake akaondoka. Alikuwa na methali ya kila jambo, mtu yule, na siku hiyo hakutoa hata moja.

Mama aliamua kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa hana ruhusa ya kufa tena. Dawa mpya zilikuwa zimeanza kutolewa mjini, ila wengi waliogopa kuonekana kwenye foleni. Mama alimpakia Baba kwenye mkokoteni mchana kweupe, akapita naye mbele ya milango ya wale wale waliokuja na unga. "Mlishamlilia," aliwaambia waliochungulia, "sasa mnaogopa kuona nini?" Alimpangia foleni, kisha naye akasimama nyuma yake kungoja dawa zake mwenyewe. Baba akapata nafuu. Akarudi kiwandani, mkanda ukarudi kwenye matundu yake ya zamani, akazeeka akilalamikia bei ya mbolea kama wanaume wengine.

Lakini besi hakuishika tena. Mwalimu alikuja kumwomba Desemba iliyofuata, akarudi tena Desemba nyingine. "Mimi nafasi yangu ilishaachwa," Baba alimjibu kwa upole, bila ugomvi, na upole ule ndio ulionionyesha alivyoumia. Besi ilikaa juu ya kabati hadi shingo ikapinda. Mwalimu naye akafa. Wa ridhimu akafa. Tamasha likaisha bila mtu kutangaza kwamba limeisha; Desemba moja hakuna bendi iliyokuja, na watoto wakachukua uwanja wakacheza mpira. Watu wa jiji wanapotuambia leo kwamba wameanzisha tamasha, sibishi. Nitamleta shahidi gani?

Baba tulimzika mwaka huu, wakati wa kupanda mahindi. Ilikuwa moyo tu, moyo wa mzee, na nilimshukuru Mungu kwa hilo. Hakuna mtu wa bendi zile aliyekuja mazishini, kwa kuwa hakuna aliyebaki, na hata wangekuwepo, sheria ilikuwa wazi: nafasi yake ilishatumika, akiwa hai, akiisikiliza. Kwaya ya kanisa ilileta kinanda cha umeme. Kijana anabonyeza kitufe kimoja na humo ndani kila kitu kinatoka, ngoma, gitaa, besi. Nilisimama kando ya kaburi nikiisikia ile besi ikitembea chini ya wimbo, nikaona siwezi. Nikamwendea yule kijana, nikamwomba atoe besi peke yake, abakize vingine vyote, kwa wimbo mmoja tu.

Alinitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu anayezungumza na mfiwa.

"Pole sana, Anti," akasema. "Hiyo siwezi toa. Biti inakuja yote pamoja."

Nikarudi nikasimama karibu na Mama. Tukamfunika Baba kwa udongo, na besi ikapiga kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuharibu hata mahali pamoja.