Mti Ambao Mama Hakuukata

Baba alipopoteza kazi kiwandani, mama alianza kuchoma makala, yaani makaa ya kuuza, katika pori lililo nyuma ya Kakontwe, karibu na mji wetu wa Likasi. Mimi, binti yake, nilimbebea shoka. Kila mti aliugonga kwanza kwa kiganja, akiwaomba watu wadogo wa porini, wasioonekana, waliokaa ndani yake wahame. Tulipofika kwenye mti mkubwa uitwao mupundu, aliweka sikio kwenye gome akasikiliza.

“Huyu muti iko nasikia,” akaniambia. “Na bale bantu bangali mu ndani. Habana na fasi ingine ya kuenda.”

Tulirudi Likasi na magunia matupu. Juma lililofuata tulikuta kisiki kibichi; wachoma makala wengine walikuwa wameukata ule mupundu. Mama aliketi chini akalia kama aliyefiwa. Porini hakurudi tena, na njaa ikahamia kwetu.