Shemeji Karai na Sufuria Isiyo na Mafuta

Shemeji yangu, mume wa dada, waliomwita Karai ni wafanyakazi wa kiwanda cha viatu alichokipikia kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo hakulikataa. Kila kilichoingia kwenye kantini yake kilipitia karai la mafuta yanayochemka: samaki, nyama, mayai, viazi, hata wali uliobaki jana. Watu mia mbili walikula, wakapangusa midomo na kurudi kwenye mashine, naye akasimama mlangoni na aproni yake akiwatazama kama amewazaa yeye. Mimi ni msusi, naishi nyumba ya pili kutoka kwao, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema mapema: nilimwona mzee wa kawaida tu, mwenye tumbo kubwa na maringo ya jikoni. Nilikosea, na ndiyo maana naandika.

Alistaafu mwezi uleule dada alipoanza kukatika pumzi. Dada ni mwalimu wa darasa la tano. Sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani, na ghafla ikawa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama katikati avute hewa. Shule yao ni ya ghorofa, madarasa yote yako juu, na chini kuna ofisi na stoo ya madawati tu. Asubuhi moja wanafunzi walimkuta ameketi kwenye ngazi, kitabu cha mahudhurio kifuani, midomo imebadilika rangi. Hospitali walimlaza siku sita, kisha daktari akamwita yeye na mumewe ofisini.

Nami niliingia, kwa kuwa ndimi niliyebeba mkoba. Daktari alikuwa mama mmoja mpole asiyezunguka mbuyu. Alisema mishipa ya moyo imeanza kuziba, na mafuta kwenye damu yamepita kiasi. Dawa atakunywa, lakini dawa peke yake hazitatosha. Nyama, mayai, maziwa na siagi viwekwe kando. Ale vyakula vya mimea, na mafuta ya kupikia yapungue mpaka yakaribie kwisha.

"Darasani nitarudi lini?" dada aliuliza.

"Tutapima tena baada ya miezi mitatu. Namba zikishuka, tutaongea. Zisiposhuka, mwalimu, zile ngazi uzisahau."

Mwalimu mkuu aliahidi kumshikia nafasi mpaka shule zitakapofunguliwa mwaka unaofuata, miezi saba mbele. Baada ya hapo angetafutwa mwingine. Dada hajawahi kufanya kazi nyingine, wala kuitamani. Tulipokuwa tunarudi hakulia. Alitazama nje ya dirisha la teksi akihesabu kwa vidole, nikajua anahesabu wiki.

Shemeji alijifunga kibwebwe siku hiyohiyo. Dumu la mafuta alimpa jirani, na karai lenyewe likafuata. Kisha akasimama mbele ya jiko kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Mikono yake ilizoea kulisha watu mia mbili, na maharage ya kwanza aliyoyapika "ya watu wawili" tuliyala mtaa mzima siku tatu. Wiki mbili za mwanzo alichemsha tu: kabichi ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, karoti zilizochemka mpaka zikakata tamaa. Nikaonja, nikamwambia, "Shemeji, hiki si chakula, hii ni adhabu."

"Mwalimu hajalalamika," akanijibu.

Ni kweli, hakulalamika. Tangu waoane, dada hakuwahi kusema neno baya juu ya chakula cha mumewe. Alikula vijiko vinne, akasema, "Asante, kizuri," akasukuma sahani pembeni. Akawa anakonda, na si kukonda kwa afya.

Halafu shemeji akagundua nazi na karanga. Ni mimea, alisema, hamna mnyama humo. Dengu zikaogelea kwenye tui zito. Mchicha ukapakwa karanga za kusaga, malenge yakafuata, na uyoga nao haukuachwa. Ladha ikarudi, dada akaanza kumaliza sahani, na shemeji akaanza tena kupiga mluzi jikoni, mluzi ambao hatukuwa tumeusikia tangu hospitali. Hata mimi niliacha kumchokoza. Nilikuwa nabisha hodi saa ya chakula nikijifanya nimekuja kuazima kibiriti.

Miezi mitatu ikaisha. Karatasi ya vipimo ilipotoka, daktari aliisoma mara mbili. Namba zilikuwa zilezile, na moja ilikuwa imepanda. Akauliza mgonjwa anakula nini, na shemeji akamweleza kwa fahari, sufuria baada ya sufuria. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, umefanya kazi kubwa," alisema. "Lakini tui la nazi nalo ni mafuta, tena ya aina ileile tunayoikimbia. Karanga si mbaya zikiwa chache, ila wewe unazipaka kama rangi ya ukuta. Muuguzi hakuwaeleza?"

Shemeji akageuka kumtazama mkewe. Dada aliinamisha kichwa. Muuguzi alikuwa amemweleza yote siku ile ya kutoka hospitali, wakati mumewe yuko kwenye dirisha la dawa. Dada alijua tangu tui la kwanza.

Tulipofika nyumbani ndipo nilipomsikia Karai akipaza sauti, na sijamsikia akiipaza tena tangu hapo.

"Ulijua, na bado ukala?"

"Ulikuwa unapiga mluzi," dada alisema, akasimama kuvuta hewa. "Ningekwambia, ungerudi kuwa kama zile wiki za mwanzo. Sikuweza."

"Mwalimu, mtoto akiandika saba mara nane ni hamsini, unampa vema kwa sababu anaandika huku anapiga mluzi?"

Shemeji akavuta kiti mbele ya mkewe.

"Miaka yote hii unanipa mia kwa mia. Sasa mimi nimejifunza nini? Nije nikuzike kwa ajili ya heshima?"

Akaketi. Niliona haya, maana tui lile nami nililifaidi, tena kwa kuongezewa.

Kesho yake asubuhi dada alitoa daftari jipya na kalamu nyekundu kwenye mkoba wake wa shule, akaviweka mezani karibu na sahani. Walikubaliana hivi: kila mlo utasahihishwa, msahihishaji atasema kweli tupu, na anayesahihishwa haruhusiwi kujitetea. Kilichobaki cha nazi na karanga nilipewa mimi, kwa masharti kwamba nikavilie kwangu.

Ukurasa wa kwanza niliusoma kwa macho yangu. "Dengu kwa nyanya. Tatu kwa kumi. Kitunguu kibichi. Bizari inanuka vumbi. Rudia." Shemeji aliusoma akiwa amesimama, uso umekunjamana. Pale saluni kwangu nina wasichana waliosusa kazi kwa kuambiwa tu kwamba msuko umepinda. Huyu alikuwa na miaka sitini na mitatu, amelisha kiwanda kizima, na sasa amepewa tatu. Alichofanya ni kuuliza, "Ubichi wa kitunguu uliusikia mwanzo wa kutafuna au mwishoni?" Dada akamwambia, naye akarudi jikoni. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumheshimu kikwelikweli.

Akaanza kukisoma kitunguu upya. Sufuria nzito, moto wa wastani, kitunguu kimekatwakatwa, hakuna hata tone la mafuta. Alikiacha mpaka kianze kushika chini na kupata rangi. Hapo alimwagia kijiko kimoja cha maji, akakwangua kwa mwiko, na ile rangi ya chini ikapanda kwenye kitunguu. Kikishika tena, kijiko kingine. Baada ya mara nne au tano kinakuwa cha kahawia na kitamu, na mtu aliyeko sebuleni ataapa kuna kitu kinakaangwa. Bizari aliipasha moto peke yake, ikiwa kavu, kabla ya kuisaga. Maharage aliyaloweka tangu jana yake, na mchuzi ukiwa mwepesi mno alichota kikombe kimoja cha maharage hayohayo, akayaponda na kuyarudisha. Ndimu ilikamuliwa mwisho kabisa, moto umeshazimwa. Ukiondoa maharage na mbaazi, hakuna mlo wake uliozidi nusu saa.

"Mafuta yalikuwa yananifichia uvivu, shemeji," aliniambia siku moja akimenya tangawizi. "Kitu kikiungua, mafuta. Kikipwaya, mafuta. Sasa hakuna pa kujificha."

Alama zilipanda kwa kusuasua. Tano. Nne. Sita, na chini yake: "Chumvi. Leo umepikia kiwanda." Biringanya za kuoka zilipata mbili, shemeji akacheka peke yake jikoni mpaka nikachungulia. Mbaazi na viazi vitamu, nane. Dada naye alibadilika. Mwanzoni alikuwa anashika ile kalamu kama inamuunguza. Baada ya mwezi alikuwa anasema, "Hiki sikitaki, kinanichosha," waziwazi, mbele yangu, na mumewe anaitikia, "Sawa, mwalimu," bila kinyongo. Wale wawili walikuwa wakiongea mezani zaidi kuliko nilivyowahi kuwaona, na mara nyingi walikuwa wakibishana juu ya pilipili manga. Nami nilipunguza kwenda kuazima kibiriti, maana dada alianza kunipa kalamu nami nisahihishe, na nikisema kweli nilipewa vitunguu nikate.

Miezi mingine mitatu ikapita. Safari hii daktari aliisoma karatasi mara moja tu. Namba zilikuwa zimeshuka, si zote, ila zile alizokuwa akiziogopa zilikuwa zimeshuka vizuri. Akasema mwalimu arudi kazini, kwa vipindi vya asubuhi tu, dawa zisiachwe, na ngazi azipande polepole akipumzika kwenye kila kona.

Siku ya kufungua shule tulimsindikiza mpaka uani. Shemeji alitaka kumshika mkono, dada akamkatalia, akasema wanafunzi wanatazama. Akaanza kupanda. Kwenye kona ya kwanza alisimama, mkono kwenye chuma cha ngazi. Akaendelea. Kwenye kona ya pili akasimama tena, muda mrefu zaidi, na nilimwona shemeji akikunja na kukunjua ngumi. Kisha dada akapotelea juu, mlango wa darasa ukafungwa.

"Twende," nikamwambia. "Nina kichwa cha mtu kinanisubiri."

"Ngoja kidogo."

Tukasimama chini ya madirisha ya darasa lake. Kwanza zilikuwa kelele za watoto tu na viti vinavyoburutwa. Halafu sauti ya dada ikatufikia.

"Wewe uliyekaa nyuma pale, toa miguu kwenye kiti cha mwenzako, geuka mbele, fungua daftari, na nisikusikie tena mpaka kengele ilie."

Darasa likanyamaza. Shemeji alikaa palepale kwenye ukingo wa bustani ya shule, akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilimshika bega, nami machozi yananitoka.

"Umesikia, shemeji?" aliniuliza. "Ameisema yote. Hakusimama katikati."