Kipande cha Kujaribia Dawa

Vita vya mwaka sabini na tisa vilipopita Mbale, Habib alirudi studio kwake akakuta rafu tupu. Waporaji walibeba hata mapazia; na dawa za kusafishia picha, ambazo hawakujua hata ni za nini, nazo zilikwenda. Mungu awasamehe, maana Habib alishindwa. Alibakiwa na kopo la metoli, salfaiti kidogo na bromaidi kiasi cha kijiko chini ya sinki, zote dawa za kutolea picha. Palipopungua alijazia magadi ya kufulia kutoka sokoni, akipunguza huku akiongeza kule, hadi picha zikakubali kutoka.

Siku moja akaja Khainza, mtoto mgongoni, filamu mkononi. Mumewe Semei, askari magereza wa Jinja, alikuwa amechukuliwa na wanajeshi, hakurudi.

"Bwana Habib, huyu hajaona baba yake. Semei iko humu ndani tu. Picha ingine hakuna, nyumba iliungua."

Yuko picha ya ngapi? Swali lilimfika Habib ulimini, likarudi. Miaka yote ya utawala wa jeshi, mpiga picha aliyeuliza habari za watu waliomo kwenye filamu alionekana mpelelezi. Alishazoea kufunga mdomo. Akaitikia kwa kichwa tu.

Magadi yale hayakuwa ya kuaminika. Gunia hili kali, lile limelala. Kwa hiyo, gizani, alikata kwanza kipande cha mwisho wa filamu ajaribie dawa, kwa kuwa wateja wake wengi humalizia filamu kwa kupiga ukuta au kidole chao wenyewe. Kikatoka hafifu. Akaongeza magadi, akatia chembe za bromaidi kuzuia ukungu kwenye picha, akazamisha filamu iliyobaki. Safari hii ilitoka safi.

Alipowasha taa alimwona Khainza picha baada ya picha: anaanika nguo Nalufenya, kule Jinja, anacheka, ana mimba kubwa. Mpigaji alikuwa Semei mwenyewe. Mwishoni tu ndipo alipompa mkewe kamera, na makasi ya Habib yalikuwa yamepita katikati ya uso wa Semei. Habib aliketi sakafuni akalia.

Alichapa nusu zote mbili, iliyokolea na iliyofifia, akaziunganisha mezani.

"Nani alimukata?" Khainza aliuliza.

Angeweza kusingizia joto, au vita. "Mimi, mama. Niliogopa kukuuliza yuko wapi."

Khainza aliziangalia zile nusu mbili.

"Siku walimuchukua," akasema, "nilikuwa nimesimama mulangoni. Hata mimi sikuuliza wanamupeleka wapi."