Atafikiriwa na Nani?

Mwenye kosa ni mimi. Nalitanguliza hilo, mwanangu, kwa sababu wazee wengi husimulia kwa saa nzima ndipo mkosaji ajulikane, na mara nyingi huwa ni mtu aliyekwisha kufa. Mimi ningali hai, akili yangu ni timamu, na mwandiko uliomo katika kumbukumbu za timu yetu ya mpira wa kikapu ni wangu. Nilikuwa Katibu wa timu hiyo, na papo hapo Karani Mkuu wa Utumishi katika kiwanda cha kamba kilichoimiliki. Wengine waliohusika nitawataja kwa vyeo vyao, kila mmoja mahali panapomstahili.

Juma lililopita, wewe na wenzako mlinisimamisha pale penye kahawa, Mwembesongo. Mlikuwa mkibishania mambo yaliyotokea kabla hamjazaliwa, ambayo mmesimuliwa na baba zenu.

"Shikamoo mzee! Hebu tuamulie. Katika mgao ule wa wachezaji, aliyechaguliwa wa kwanza ni Gervas au Polikarpi?"

"Marahaba. Gervas ndiye wa kwanza. Polikarpi alichukuliwa mzunguko wa pili."

"Si nilisema! Sasa mzee, mlikuwa hamuoni? Gervas si ndiye yule aliyesimama chini ya kikapu kama nguzo ya simu?"

"Usiitukane nguzo ya simu," mwenzako akadakia. "Nguzo inapitisha habari. Gervas alipitisha nini?"

Mlicheka, nami nikacheka, kisha nikaondoka kahawa ikiwa nusu kikombeni. Mkadhani nimeudhika. Hapana. Niliondoka kwa kuwa mlikuwa mkinisamehe kosa dogo bila kujua kwamba lipo kubwa. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kuandika ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na ndiyo niliyoifanya vibaya.

Siku ya mgao naikumbuka vizuri. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na timu kubwa za mkoa wetu zote zilikuwa za viwanda. Viwanda hivyo vilinyang'anyana wachezaji hadi kugombana, ndipo kamati ya mkoa ikaweka utaratibu: vijana wapya wajaribiwe uwanjani mbele ya wote, kisha timu ziwachague kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo ianze. Mwaka ule tulioshika mkia ni sisi.

Kati ya vijana waliojaribiwa alikuwamo mmoja mfupi, kifua kipana, miguu iliyokomazwa na kupanda na kushuka milima na mizigo ya mboga. Alitoka kijiji cha misheni huko Uluguru, juu ya Mkuyuni, na mchezo aliujifunza katika uwanja wa shule ya mapadri. Jina lake Polikarpi. Alidunda mpira kana kwamba umefungwa mkononi mwake kwa kamba isiyoonekana. Nasi ndio tuliokuwa tukitengeneza kamba, tukakaa tunashangaa.

Kocha wetu, Salehe, aliniinamia sikioni. "Huyu, Katibu. Huyu mfupi. Wakimchukua wengine nitalia hapa hapa."

Mwenyekiti wetu wa timu, ambaye pia alikuwa Meneja Utawala wa kiwanda, akasikia. "Salehe, kikapu kiko juu au kiko chini?"

"Kiko juu, Mheshimiwa."

"Basi tumemaliza."

Meza nzima ilicheka, tukamchagua Gervas. Kimo chake kilikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba baba yake alikuwa na wadhifa katika ofisi ambayo kiwanda kiliihitaji mara kwa mara, na sababu hiyo haimo katika kumbukumbu, kwa kuwa niliyeziandika nilijua kuiacha. Timu nyingine nazo zilimwona Polikarpi ni mfupi, zikampita. Zamu yetu iliporudi alikuwa bado yupo. Salehe alitamka jina lake kwa sauti kubwa kabla Mwenyekiti hajafumbua mdomo.

Kwa hiyo, mwanangu, kosa mnalolibishania lilijirekebisha lenyewe ndani ya nusu saa, wala halikumuumiza mtu yeyote. Lililoumiza lilifanyika Jumatatu iliyofuata, ofisini kwangu, kwa neno moja.

Nilikuwa nimeagiza kila mchezaji mpya aje na mzazi wake. Nilimtegemea baba, akaja mjomba, kaka wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru, ambao kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Aliitwa Mzee Fidelis, katekista wa kigango chao, mtu wa koti lililofuliwa hadi likapauka na viatu vyenye udongo mwekundu wa milimani. Nilimpa karatasi ya mpwa wake. Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Ilisema kwamba Polikarpi ataanza kama kibarua wa msimu, na kwamba kuhusu ajira ya kudumu, atafikiriwa. Karatasi ya Gervas, iliyokuwa chini yake, ilisema ameajiriwa.

Kidole cha mzee kilisimama.

"Atafikiriwa na nani, Bwana Karani?"

"Na uongozi, mzee."

"Huyo uongozi anaitwa nani?"

"Ni lugha ya ofisi tu, mzee. Ndivyo inavyoandikwa."

Alinitazama bila hasira. "Mimi nafundisha watoto Nasadiki, kanuni ya imani yetu. Hata mle, liwali aliyemhukumu Bwana wetu ametajwa kwa jina, na kila Jumapili jina lake linatamkwa. Ninyi hapa mnaogopa nini?"

Nilikuwa sijafika miaka thelathini, nina tai shingoni, na nilijivunia barua zangu ambazo hazikuwa na doa. Nilitabasamu. Nikamsogezea pedi ya wino aweke dole gumba. Akaisogeza kando kwa upole, akachukua kalamu yangu na kutia saini, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Basi," alisema alipoinuka, "huyo uongozi simwoni. Wewe nakuona. Mtoto nimekukabidhi wewe."

Nilimwitikia, "Sawa, mzee," kama mtu anavyoitikia ili mgeni aondoke.

Baba zenu wamewasimulia yaliyofuata, na kwa hili hawakutia chumvi. Kwa misimu minne watu walitoka Mafiga na Mwembesongo kuja kukaa juu ya kuta za uwanja wetu wa saruji kwa ajili ya mtu mmoja. Alipita katikati ya warefu wakabaki wanageukiana. Akina mama wauza karanga walijua jina lake. Baba zenu hawakuwasimulia, kwa kuwa hawakujua, kwamba asubuhi ya siku hizo hizo alikuwa katika ghala la kuchambua katani, vumbi hadi kwenye kope, akijipanga getini kila alfajiri na vibarua wengine ili aitwe, na kwamba alipoumia kidole zahanati ya kiwanda ilimrudisha, kwa sababu haikutibu vibarua. Gervas alikuwa karani wa stoo. Sisemi hivyo kwa kumchukia. Gervas alikuwa mtu mwema, na mara mbili alimpelekea mwenzake dawa mfukoni.

Kila mwisho wa msimu niliandika katika faili la Polikarpi: "Aendelee kufikiriwa." Niliandika hivyo mara nne. Na hapa nisahihishe jambo ambalo nimelisemea uongo kwa miaka mingi, hata nyumbani kwangu. Nimezoea kusema sikuwa na uwezo. Fomu ya kumpandisha kibarua kuwa mwajiriwa ilianzia mezani kwangu. Saini ya kwanza ilikuwa yangu, na bila hiyo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuitia yake. Siku moja niliigusia fomu hiyo kwa Mwenyekiti. Akasema, "Akishapata ajira atanenepa. Mwache akimbie." Nikairudisha fomu kwenye droo. Hakunikataza kuijaza. Niliogopa uso wake tu.

Katika msimu wa tatu, timu moja ya Dar es Salaam ilimtumia mtu Polikarpi. Walimwahidi kazi ya kudumu, chumba, na matibabu. Alikuja ofisini akiwa bado na nyuzi za katani nyweleni.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba."

"Mjomba amesema nikuulize wewe. Amesema nimekabidhiwa kwako. Niende, au nibaki?"

Mwanangu, mtu anapokuuliza hivyo, amekupa maisha yake uyashike kwa dakika moja. Niliwaza fainali ya mkoa, iliyokuwa imebakiza wiki mbili. Nikamwambia, "Baki. Faili lako lina neno zuri."

"Neno gani, Katibu?"

"Unafikiriwa."

Alitabasamu kwa meno yote. Alishukuru, akaenda kumjibu mtu wa Dar es Salaam kwamba habanduki. Fainali tulishinda. Kikombe kilikaa katika kabati la Mwenyekiti.

Halafu yakaja mageuzi. Tulianza kusikia redioni maneno kama soko huria na ubinafsishaji, na kiwanda chetu kikawekwa katika orodha ya vya kuuzwa. Mnunuzi alitaka mashine na kiwanja, timu hakuitaka. Niliagizwa kuchapa orodha ya wafanyakazi watakaopewa kiinua mgongo. Waajiriwa wa kudumu peke yao ndio waliostahili. Jina la Gervas lilikuwamo. Niliibandika karatasi hiyo ubaoni kwa mikono yangu, nikanyoosha kona zake nne ili isipinde.

Msimu huo Polikarpi alikuwa ameumia goti akituchezea. Alikuja na fimbo.

"Katibu, nimesoma ubaoni mara tatu. Labda jina langu limerukwa."

"Halikurukwa."

"Na faili langu? Lile neno?"

Nililitoa faili, nikamsomea yote, tangu karatasi yenye saini nzuri ya mjomba wake. Nilipomaliza akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kwa hiyo ni nani aliyekuwa ananifikiria?"

Ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nami nikajibu, "Suala hilo limepitwa na wakati." Hata siku hiyo, mwanangu, sikuweza kutamka sentensi yenye mtu ndani yake.

"Asante, Katibu. Wasalimie nyumbani." Nikasikia fimbo yake ikienda ukumbini, na muda mrefu ikapita kabla haijafika mlangoni.

Alirudi milimani kulima kabichi. Kwa goti lile hakuweza kuzishusha sokoni Mkuyuni, akawauzia waliopanda kuzifuata, kwa bei waliyoitaka wao. Alioa, akapata binti wawili. Miaka kadhaa baadaye, masika, aliugua homa. Njia ilikuwa imekatika kwa maporomoko, na alifia kwenye machela akiteremshwa hospitali. Habari ilinifikia kupitia kwa Salehe, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimtembelea. Mimi sikuwahi.

Nilikwenda mazishini, nikapanda kwa miguu kutoka Mkuyuni. Mzee Fidelis alikuwa amezeeka sana, amekalishwa kwenye kigoda. Nilimwamkia, akanishika mkono wala hakuuachia.

"Bwana Karani. Walikwisha kufikiri?"

Waombolezaji waliokuwa karibu hawakuelewa. Mimi nilielewa. Nikasema, "Hawakuwapo watu wengine, mzee. Alikuwa ni mimi."

"Nilijua tangu siku ile," alisema. "Nilitaka uandike."

Sikuandika siku hiyo, wala mwaka huo. Nimeandika leo, baada ya kucheka kwenu.

Nasaha yangu ni hii. Acheni kubishania nani alichaguliwa wa kwanza. Ulizeni aliyechaguliwa alipewa nini, na nani aliyemnyima. Ukipewa karatasi utie saini, mtafute mtu aliyemo ndani ya sentensi. Usipomwona, usitie, hata ukitabasamiwa na karani mwenye tai. Na siku utakapokuwa wewe umeshika kalamu, maana siku hiyo itafika, andika "nitafanya" au andika "sitafanya". Usimwache mtu akitumaini kitenzi ambacho wewe mwenyewe unajua hakina mwenyewe. Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kulitia jina lako mahali linapohitajika, akulinde usikabidhiwe mtu ukamwangusha, na akujalie uzee usio na faili kama hili mvunguni mwa kitanda chako.

Hayo ni kwako. Yanayofuata ni rasmi, na nakuomba uyafikishe.

Mwenyekiti wa zamani wa timu yetu yu hai, anaishi mjini, na anajua kusoma. Kwa maandishi haya namtaka, pamoja nami, tufike katika uwanja wetu wa zamani, ambako leo huegeshwa malori, mbele ya binti wawili wa Polikarpi, Kocha Salehe, na mtu yeyote aliyewahi kukaa juu ya zile kuta. Faili la Polikarpi, ambalo ninalo hadi leo, lisomwe kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kila penye maneno "Aendelee kufikiriwa" yakatwe kwa mstari mmoja, bila kufutwa, ili yaendelee kusomeka, na kando yake yaandikwe majina ya waliokataa kufikiri. Nakala wapewe mabinti.

Jina langu nimekwisha kuliandika kando ya maneno hayo, mara nne. Mstari wa pili, wa Mwenyekiti, nimeuacha wazi, na kalamu ninayo.