Valvu Nne za Milimani

Nimefanya kazi katika nyumba na mashamba mengi, kuanzia Molo hadi Naivasha, na mengi nimeyasahau. Lakini bustani moja ya Milimani, Nakuru, inanikera hata leo, miaka arobaini na kitu ikiwa imepita.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka sekondari juzijuzi, nikamwambia memsahibu, mzungu mwenye nyumba, kwamba umeme naujua. Maji ya mji yalipanda kilimani kwa unyonge na kuingia katika birika la saruji, kisha pampu ya umeme ikayasukuma hadi bustanini. Kulikuwa na matuta manne ya mawaridi, kila moja na valvu yake. Pampu ilikaa kibandani nyuma ya jikoni, bustani ilikuwa mbele ya nyumba. Aliyekuwa kwenye moja hakuiona nyingine.

Kila asubuhi fiuzi ilikatika. Memsahibu, akiondoka kwenda Nairobi kwa wiki moja, alisema mbele yetu kwamba mzee wa bustani ndiye anayeharibu mashine, na akirudi akakuta mawaridi yamekauka, mzee atafunga virago. Mzee hakuwa na pa kwenda. Yeye na mkewe waliishi katika chumba kilichoegemea kile kibanda, na mistari mitatu ya sukuma wiki mlangoni.

Nilianza na waya. Nilizifungua zote, nikakwaruza ncha, nikaziunga upya. Fiuzi ikakatika. Nikalegeza ukanda wa mota. Ikakatika. Nikafungua valvu zote nne, nikatoa mchanga na konokono mmoja. Mzee alipokwenda kunywa chai niliziacha wazi nikawasha, pampu ikanguruma vizuri mpaka akarudi. Aliporudi haikupita muda, kimya. Mara mbili nilishuka mjini kwa miguu kununua waya wa fiuzi, na mara ya pili mwenye duka akaniuliza kama ninaula.

Mzee naye alinichokoza. "Mwalimu, huko shuleni walikufundisha kuzima tu?"

Siku ya tano, Ijumaa, nilichoka, nikaketi kwenye ngazi za mbele ya nyumba nikamtazama mzee. Tuta la kwanza lilipotosheka alikaza valvu yake kabisa, akachukua jembe, akatembea polepole hadi la pili, akainama. Kabla hajagusa kitu, mngurumo wa nyuma ya nyumba ukawa mzito, ukakwama, ukazimika. Valvu zote zilikuwa zimefungwa, na ile pampu ya pistoni ilisukuma maji yasiyokuwa na njia, mota ikalemewa, fiuzi ikakatika.

Nikamwambia afungue ya pili kwanza, ndipo afunge ya kwanza. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kwao, kwenye mteremko wa Kerio, maji ya mfereji wa shamba huenda kwa zamu, na aliyemaliza hufunga kwanza.

"Nikifungua zote mbili," akasema, "hayo maji ni ya nani?"

"Yote ni ya memsahibu, mzee."

"Zamu ni zamu, kijana. Nilichapwa kwa jambo hilo nikiwa mdogo."

Nilimweleza kwa upole, kisha kwa ukali. Alikubali kwa mdomo, na pale pale mkono wake ukafunga kwanza. Fiuzi ikakatika. Memsahibu alikuwa anarudi kesho yake.

Niliacha kubishana. Niliunga bomba la tano, mbali na yale manne ya matuta, palepale penye pampu, lisilo na valvu, ili maji yawe na pa kutokea wakati wote. Bomba nililokuwa nalo lilifika mahali pamoja tu, kwenye sukuma wiki za mzee.

Jumamosi memsahibu alikuta mawaridi yamelowa. Aliuliza bomba lile ni la nini, nikamwambia bila hilo fiuzi haitakaa. Akaamuru lizibwe ili aone. Likazibwa, mzee akabadilisha tuta, pampu ikazimika. "Liache wazi," akasema, akaingia ndani, na habari ya mzee kuondoka haikutajwa tena.

Jumatatu asubuhi fiuzi ikakatika. Nilikwenda mbio nyuma ya nyumba nikakuta bomba la tano limeshindiliwa gunzi la mahindi. Nikamwita mzee, nikamwonyesha.

Akalitazama gunzi lake bila haya. Sukuma wiki, akasema, zilikuwa zimemaliza zamu yao.